Wakufunzi wapya, muulizeni kwanza mnayempa nafasi ya mke aliyepigwa

Nimewatazama wiki hii hapa Kisumu mkiendesha zoezi la kuwafunza makuruti wa polisi kutuliza ugomvi wa nyumbani, waigizaji wakicheza wanandoa, na makosa ni yale yale ya enzi zetu. Nawapenda, wadogo zangu, lakini mnanichosha.

1. Kila anayeingia uwanjani akaguliwe, hata afande mkubwa. Risasi ibaki nje.

2. Mwigizaji akitulizwa, atulie. Juzi kurutu alifanya kila kitu sawa: sauti ya chini, mikono wazi, hatua moja nyuma. "Mlevi" wenu akazidi kufoka mpaka kijana akatoa pingu. Mmemfundisha kwamba upole haufui dafu.

3. Mwigizaji mmoja aongee Dholuo pekee. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka mshukiwa aelezwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa. Kurutu wa Garissa atafute mkalimani hapa kwanza, kabla hajatumwa mtaa wa Kondele usiku.

4. Wekeni neno la kusimamisha zoezi. Mimi sikuweka.

Nilikuwa mkufunzi mgeni katika chuo kimoja. Mama aliyekuwa akituuzia chai nikampa nafasi ya mke. Sikumuuliza lolote, nilimwambia tu, "Mama, ulie kidogo, kijana akija umwonyeshe mkono." "Mume" akagonga meza. Mama hakulia. Aliinua kiwiko akaziba uso, akateleza na ukuta hadi chini, leso ikamvuka kichwani asiiokote. Makuruti wakapiga makofi. Nami nikapiga, nikidhani ana kipaji.

Kurutu akamuuliza swali nililomfundisha mwenyewe: "Kwa nini hukuripoti mapema?"

Akajibu polepole, "Nilikuja. Mliniambia nikayamalize nyumbani."

Maneno hayo hayakuwa kwenye karatasi yangu. Nilielewa papo hapo, lakini nikaliacha zoezi liendelee hadi fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandika majeraha, itajwe, kwa sababu mkubwa wangu alikuwa akitazama. Kisha nikamlipa, nikamshukuru mbele ya watu. Kesho yake hakuleta chai, wala kesho kutwa. Nilipomfuata kwake kumwomba msamaha alinikaribisha, akanipa kiti, akasema, "Ungeniuliza, ningecheza jirani."

Kwa hiyo ulizeni, faraghani, siku moja kabla. Neno la kusimamisha alichague mwigizaji mwenyewe. Wa juzi alichagua "omena", na alipolitamka hata "mlevi" alinyamaza.

5. Zoezi likiisha, mwiteni kwa jina lake halisi, mkae naye, anywe chai kabla hajapanda boda kurudi kwake.