Jibu: Nyanya kugeuka manjano kileleni

Ndugu, umeuliza kwa nini nyanya zako zinageuka manjano juu huku majani ya chini yakibaki kijani. Chukua jani changa ulitazame kwenye mwanga: ikiwa mishipa imebaki kijani kama wavu na katikati pamepauka, shuku upungufu wa madini ya chuma. Chuma hakihami kwa urahisi kutoka jani la zamani kwenda jipya, ndiyo maana dalili huanzia kileleni. Upungufu wa magnesiamu ungeanzia majani ya chini. Mara nyingi chuma kimo udongoni ila mmea haukipati, hasa pH (kipimo cha asidi na alkali ya udongo) ikizidi 7, yaani udongo ukiwa wa alkali. Kwa hiyo acha kabisa majivu na chokaa, maana huipandisha pH, nakuomba! Weka mboji iliyoiva, na maji yasituame kwenye mizizi. Nafuu itafute kwenye majani yanayochipuka, si yaliyokwisha kupauka.