Jibu: Bhutan, rododendroni na popi ya buluu kwa safari moja

Ndugu, umeuliza kama wiki moja ya Mei huko Bhutan, nchi ya milima ya Himalaya, inatosha kuona maua yote mawili: rododendroni (miti na vichaka vya maua ya milimani) na popi ya buluu (ua la buluu la milima mirefu). Rododendroni utaziona, popi ya buluu usiitegemee, maana wakati wake hasa ni Juni na Julai, mvua zikishaanza.

Kuchanua kwa rododendroni huanzia chini na kupanda mlima kadiri joto linavyoongezeka. Zile nyekundu za chini, kama za Dochula (njia ya juu ya mlima, mita 3,100 hivi juu ya usawa wa bahari) na bustani ya mimea ya Lamperi iliyo jirani, hushamiri Machi na Aprili. Mei ukikuta maua yameanguka usikate tamaa, panda juu zaidi: njia ya mlimani ya Chele La, kati ya miji ya Paro na Haa, iko karibu mita 4,000, na ile ya Thrumshingla upande wa mashariki ni kama 3,780.

Kosa la wengi ni kukimbilia Chele La siku ya kwanza kwa sababu gari hufika hadi juu. Paro ni mita 2,200 tu. Lala huko siku mbili kwanza, la sivyo kichwa kitakugonga hata kamera uione mzigo.

Ukibadili kuwa Julai, toka alfajiri kabla mvua haijachakaza petali za popi, nyembamba kama karatasi ya shashi. Misitu ya chini ina ruba: chomeka suruali ndani ya soksi ndefu. Usichume hata ua moja. Baadhi ya popi hizi huchanua mara moja tu, zikatoa mbegu na kufa.

Gharama: viza dola 40, na ada ya serikali dola 100 kwa kila usiku. Hoteli na gari ni juu yako.