Pete za wahandisi wa Kanada na daraja la Quebec

Kaka, umeuliza kama pete wanazovaa wahandisi wa Kanada, ishara ya kiapo chao cha kazi, zilifuliwa kwa chuma cha daraja la Quebec, kule kwao Kanada. Hapana, hazikufuliwa kwa chuma hicho. Hiyo ni hadithi tu. Daraja lilianguka Agosti 29, 1907 likiwa bado linajengwa, wakafa wafanyakazi 75. Sherehe ya kwanza ya kiapo na pete ilifanyika Montreal mwaka 1925. Nafundisha maadili ya kazi kwa wanafunzi wa uhandisi hapa Mwanza, na karibu kila mwaka kuna anayekuja na habari hiyo.

Ukweli wenyewe unauma zaidi. Nafasi kati ya nguzo iliongezwa bila uzito wa daraja kupigiwa hesabu upya. Vyuma vikaanza kupinda, mhandisi kijana akavipima, akasafiri hadi New York kumwona mhandisi mshauri, ambaye hakuwa akifika eneo la kazi. Huku nyuma ujenzi ukaendelea mpaka jioni ile lilipoporomoka. Hapo ndipo nawauliza wanafunzi: wewe ungesimamisha kazi? Kwa mamlaka ya nani?

Quebec ni mfano mzuri, ila mimi naanzia hapa ziwani. MV Nyerere, Septemba 20, 2018, karibu na gati la Ukara: kivuko cha abiria 101, waliokufa 228. Darasani huwa kuna kijana wa Ukerewe au Ukara aliyezika ndugu siku zile. Somo hilo halihitaji pete.