Kipimo cha Afya Kabla ya Kazi: Kwa Kijana Anayeingia Kiwandani Dar

Mdogo wangu uliyemaliza VETA juzi na sasa umeitwa kuripoti kiwandani Jumatatu, kuna jambo nataka ulidai kabla hujagusa mashine: upimwe afya, na upimwe kwelikweli. Mimi ni muuguzi wa zahanati za viwandani, huku Barabara ya Nyerere. Swali ninaloulizwa na vijana kuliko yote ni hili: "Nesi, wakinikuta na shida si nitakosa kazi?" Hofu hiyo naielewa, maana nyumbani wanakutegemea. Lakini ndiyo inayowapeleka wengine kununua cheti chenye muhuri kwa mtu ambaye hata hakuwashika mkono.

Kipimo cha kwanza kinaandika mwili wako ulivyokuwa kabla kazi haijaugusa. Chukua masikio. Kelele za mashine haziui usikivu wote kwa mpigo. Huanza na sauti nyembamba za juu, karibu na hezi 4,000, huku mazungumzo ya kawaida ukiendelea kuyasikia vizuri, kwa hiyo unajiona mzima. Usikivu uliokufa hivyo haurudi. Sasa kama hakuna karatasi inayoonyesha kwamba uliingia na masikio mazima, utauthibitishiaje Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kuwa ni kiwanda kilichokuumiza? Ndiyo maana nakusihi, usiku wa kuamkia kipimo usiende kwenye kigodoro wala usilale na hedifoni. Kelele za usiku hushusha usikivu kwa muda, na karatasi itaandikwa kasoro ambayo kesho kutwa huna.

Kwenye kipimo cha mapafu utaambiwa upulize spirometa. Vuta pumzi yote, puliza kwa nguvu, endelea mpaka pumzi iishe, kama sekunde 6 hivi. Wengi hupuliza kwa aibu, majibu yakatoka mabaya bure. Kama unakwenda kuranda mbao Keko, au kukata tailizi na mawe saiti, kipimo hiki kwako ni cha lazima kabisa. Vumbi la mawe lina madini yaitwayo silika, ambayo huacha makovu kwenye mapafu na kuyarahisishia maradhi ya kifua kikuu. Fundi umeme naye apimwe uwezo wa kutofautisha rangi, kwa sababu waya hutambuliwa kwa rangi.

Kupima vijana kabla ya kazi ni kanuni ya zamani. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 77 mwaka 1946 kuhusu viwanda, na mwaka huohuo Na. 78 kuhusu kazi zisizo za viwandani. Na. 77 unasema aliye chini ya miaka 18 asiingizwe kiwandani bila kupimwa kwa kina na daktari aliyeidhinishwa, kisha arudie kupimwa bila kupitisha mwaka mmoja. Hapa soma taratibu: penye hatari kubwa kwa afya, upimaji huo uendelee angalau mpaka miaka 21. Kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inazuia aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini, kiwandani au penginepo ambapo mazingira ya kazi ni ya hatari. Basi watu hudhani ukitimiza 18 umeshakomaa, kazi yoyote twende. Waliouandika mkataba ule hawakuona hivyo, na mimi nakubaliana nao. Miaka 18, 19, 20 ndiyo mliyo nayo wengi mnaoingia.

Mkataba huo unasema pia gharama ya kupima isimwangukie kijana wala wazazi wake. Ukiambiwa ujilipie kwanza, uliza kwa adabu fedha zitarudi lini na nani atasaini, kabla hujamwingiza mama kwenye madeni. Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 nayo inataka wafanyakazi wapimwe kabla ya kupangiwa kazi na kila baada ya muda, na wasimamizi wake ni OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini.

Tena, mwajiri anachohitaji kujua ni kama unaifaa kazi ile. Mkataba Na. 124 wa mwaka 1965, unaohusu walio chini ya miaka 21 wanaofanya kazi chini ya ardhi migodini, unataka wapigwe picha ya eksirei ya mapafu. Lakini cheti anachotunza mwajiri kinasema tu kwamba kijana anafaa, bila taarifa za kitabibu. Msimamizi akitaka kusoma majibu yako ya maabara, mrudishe kwa daktari. Kupima VVU kwa kulazimishwa kumekatazwa na sheria ya mwaka 2008.

Pumu, kifafa, mguu uliovunjika utotoni: mweleze daktari. Kuambiwa hufai kuranda mbao si kuambiwa hufai kazi. Na. 77 unataka anayeonekana hafai apewe mwongozo wa kupata kazi nyingine inayomfaa. Nimeona kijana mwenye pumu akihamishiwa stoo, akadumu huko kwa amani.

Omba nakala ya majibu yako, ipige picha, itume kwa mtu wa nyumbani pia, maana simu huibiwa. Na siku unapohama kiwanda, omba upimwe tena kabla hujasaini karatasi za mwisho, hata wakikuharakisha. Daktari atakayekuhudumia baadaye atalinganisha vipimo hivyo viwili.