Ruta mpya, spika kimya: maswali yenu na majibu

Fundi wa faiba kaja, kaondoa ruta ya zamani, kafunga mpya, kaondoka. Simu zimeingia, televisheni imeingia, lakini spika za sebuleni zimenyamaza kimya. Mara nyingi spika hizo ni nzima kabisa, ila bado zinautafuta mtandao ambao haupo tena. Haya ni majibu ya maswali mliyotutumia.

Nina spika tatu za Sonos. Nimebadilishiwa ruta na sasa programu inasema haizioni. Je, lazima nizifute zote nianze upya? (Tabata, Dar es Salaam)

Hapana, na tunakuomba usianzie huko. Spika haiijui ruta kwa sura. Inachokumbuka ni jina la mtandao na nenosiri lake. Ukiipa ruta mpya jina lile lile la zamani na nenosiri lile lile, spika zitaingia zenyewe bila kuziunganisha upya.

Geuza ruta usome stika iliyo chini au nyuma. Utakuta anwani ya kuingilia: ruta nyingi za faiba za Huawei hutumia 192.168.100.1, nyingine 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Iandike kwenye kivinjari cha simu iliyounganishwa na ruta hiyo, ingia kwa jina na nenosiri la msimamizi, kisha nenda sehemu ya Wi-Fi. Andika jina na nenosiri la zamani herufi kwa herufi. "Nyumbani" na "nyumbani" ni mitandao miwili tofauti machoni pa spika, na nafasi moja iliyoachwa mwishoni bila kukusudia inatosha kuharibu kila kitu. Aina ya usalama iwe WPA2 yenye AES.

Hifadhi, chomoa spika zote kwenye umeme, ipe ruta dakika mbili tatu iwake sawasawa, halafu chomeka spika moja moja. Kamera, printa na televisheni nazo zitarudi kwa njia hiyo hiyo, ndiyo maana tunaipendelea kuliko nyingine zote.

Umesahau nenosiri la zamani? Usiifute mitandao iliyohifadhiwa kwenye simu yako. iPhone yenye iOS 16 au zaidi hukuonyesha manenosiri ya mitandao yote iliyowahi kuingia. Simu nyingi za Android 10 kwenda juu hukupa msimbo wa QR wa mtandao uliohifadhiwa, na mara nyingi nenosiri limeandikwa chini yake.

Kampuni imefunga ukurasa wa mipangilio ya ruta, siwezi kubadilisha jina la mtandao. Hizo Sonos nitaziunganishaje? (Kileleshwa, Nairobi)

Kwanza wapigie huduma kwa wateja. Kubadilisha jina na nenosiri ni kazi wanayoweza kuifanya wakiwa ofisini kwao, na wengine wana programu ya simu ya kukuwezesha kuifanya mwenyewe.

Ikishindikana, tafuta waya wa mtandao, ule wenye vichwa vya plastiki kama vya simu ya mezani ila vipana zaidi. Chomeka upande mmoja kwenye ruta na mwingine kwenye spika yenye tundu hilo. Kwa spika za Sonos, Play:1, One na Beam zote zinalo. Era 100 na Era 300 hazina, huhitaji kiunganishi kinachouzwa peke yake, na Move na Roam usizitegemee kwa kazi hii. Unganisha simu na Wi-Fi mpya, subiri dakika chache, fungua programu. Spika yenye waya itaonekana. Ingia kwenye mipangilio ya mfumo, kisha sehemu ya mtandao, ongeza mtandao mpya na nenosiri lake. Ukishakubaliwa, chomoa waya na uangalie kama spika inabaki. Ikiwa moja kati ya nyingine imebaki nyuma, ihamishie waya huo huo nayo iingie.

Kufuta spika kabisa ni hatua ya mwisho, na ukifika huko usizifute zote kwa pamoja. Maadamu imebaki hata moja ambayo hujaigusa, akaunti zako za muziki na orodha ulizozipanga zinabaki ndani ya mfumo. Ukifuta ya mwisho, umezipoteza. Namna ya kufuta: chomoa umeme, bonyeza na ushikilie kitufe cha kuunganisha (zisizo nacho, kile cha kucheza na kusitisha), rudisha umeme huku umeshikilia, na uachie taa ikianza kumeta rangi ya machungwa na nyeupe. Taa ikimeta kijani, spika iko tayari kuongezwa upya.

Ruta mpya ina majina mawili, moja linaishia na 5G. Spika inaona moja tu. Ina maana haijafikia 5G? (Mwanza)

Hiyo 5G siyo ile ya minara ya simu. Ni bendi ya mawimbi ya Wi-Fi ya gigahezi 5, na jina la pili ni bendi ya gigahezi 2.4. Spika nyingi za bei nafuu, na hata za ghali za miaka ya nyuma kama Sonos Play:1 na Play:3, husikia 2.4 peke yake. Hazijaharibika, zimeundwa hivyo. Muziki hauhitaji kasi kubwa, na 2.4 hupenya kuta za matofali vizuri zaidi.

Wakati wa kuunganisha, weka simu nayo kwenye jina la 2.4. Baada ya hapo simu inaweza kurudi kwenye 5, kwa sababu kwa ruta iliyopangwa kawaida bendi hizo mbili ni nyumba moja yenye milango miwili.

Tabu huja pale ruta inapotoa jina moja kwa bendi zote mbili. Simu hukamata 5, programu inajaribu kuipeleka spika huko, inashindwa. Zima bendi ya 5 kwa dakika kumi kwenye mipangilio, unganisha spika, iwashe tena.

Spika ikishindwa kuuona hata mtandao wa 2.4, angalia chaneli, yaani njia ya mawimbi inayotumiwa na ruta. Ruta inayochagua yenyewe inaweza kuangukia chaneli 12 au 13, na vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani kwa kawaida huishia 11. Ichagulie wewe 1, 6 au 11, upana megahezi 20. Angalia pia usalama: ruta mpya huja na WPA3 pekee mara nyingine, na spika ya miaka kadhaa iliyopita haiijui. Weka WPA2, au mchanganyiko wa WPA2 na WPA3.

Taa ya spika imetulia kuonyesha kwamba imeunganishwa, simu ina intaneti, lakini programu inasema "hakuna kifaa". Nimerudia mara nne. (Njiro, Arusha)

Acha kurudia, kwa sababu kuunganisha kumeshafanikiwa. Kinachokosekana ni kuonana. Ili simu iipate spika, hupiga hodi kwenye mtandao mzima wa nyumbani kupitia anwani maalumu za ujumbe wa pamoja, 224.0.0.251 au 239.255.255.250, na spika huitika. Hodi hiyo haitoki nje ya mtandao mmoja, na ruta inaweza kuizuia hata humo ndani.

Anza na simu. Zima VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye njia ya siri). Kama ni iPhone, tangu iOS 14 kila programu huomba ruhusa ya kuona vifaa vya mtandao wa nyumbani. Ukiwahi kugusa "usiruhusu" kwa haraka, programu itakuwa kipofu hadi uirudishe ruhusa hiyo kwenye mipangilio ya faragha. Android huomba ruhusa ya vifaa vya karibu au ya mahali ulipo, nayo ikubali.

Kisha hakikisha hakuna kilichoingia mtandao wa wageni. Mtandao huo umetengenezwa makusudi kutenganisha vifaa visionane. Ruta nyingine zina utenganisho huo hata kwenye mtandao mkuu: tafuta kwenye mipangilio ya Wi-Fi maneno "AP Isolation" au "Client Isolation" na uzime.

Chanzo tunachokiona zaidi katika nyumba zenye faiba ni ruta mbili. Kampuni imeleta yake, na mwenye nyumba ameendelea na ya kwake ya zamani nyuma yake, zote zinatoa Wi-Fi. Spika iko kwa moja, simu iko kwa nyingine. Kuthibitisha ni rahisi: tazama anwani ya IP ya simu (namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao), kisha ya spika kwenye orodha ya vifaa vya ruta. Simu ikiwa 192.168.100.7 na spika 192.168.0.12, vimekaa nyumba tofauti. Dawa ni kuigeuza ruta ya pili iwe kituo cha kusambaza Wi-Fi tu. Nyingi zina hali hiyo kwenye mipangilio. Isiyo nayo, ipe kwanza anwani isiyogongana na ya kampuni, kwa mfano 192.168.100.2, zima DHCP yake (kazi ya kuvigawia vifaa anwani), kisha hamisha waya kutoka tundu la WAN (la kupokea intaneti) uingie tundu la LAN (la vifaa vya ndani).

Spika yangu ya Google, Nest Mini, haina mahali pa kubadilisha nenosiri la Wi-Fi. (Nyali, Mombasa)

Ni kweli, haina. Programu ya Google Home haibadilishi nenosiri, inausahau mtandao kisha unaanza upya. Kama ruta ya zamani bado inawaka, ingia mipangilio ya spika, sehemu ya taarifa za kifaa, sahau Wi-Fi, halafu iongeze upya kwenye mtandao mpya. Kama ruta imeshaondoka, futa spika yenyewe: sogeza swichi ya maikrofoni pembeni ili ijizime, shikilia katikati ya uso wa juu. Baada ya sekunde 5 kazi inaanza. Endelea kushikilia kama sekunde 10 zaidi hadi usikie mlio. Google Home Mini ya kwanza ni tofauti kidogo: ina kitufe kidogo cha duara chini, karibu na waya wa umeme, cha kushikilia sekunde 15.

Shikamooni. Mwanangu aliniletea spika ya Echo kutoka Marekani. Tumebadilisha intaneti, sasa imenyamaza. Naogopa kuiharibu. (Mama, Moshi)

Marahaba ni yako mama, sisi ndio wa kukuamkia. Huwezi kuiharibu kwa hili. Shikilia kitufe chenye alama ya nukta hadi mduara wa taa uwe rangi ya machungwa, kama sekunde 15, halafu uachie. Fungua programu ya Alexa kwenye simu, chagua Echo yako kwenye orodha ya vifaa, ingia mipangilio yake, gusa kubadilisha Wi-Fi, chagua jina jipya na uandike nenosiri. Programu iwe kwenye akaunti ile ile aliyoisajili mwanao. Kama ni ya kwake, mwombe akusaidie kuingia.

Sabufa yangu ya Bluetooth itaathirika nikibadilisha ruta? (Morogoro)

Haitaathirika. Bluetooth huongea na simu moja kwa moja, ruta haihusiki.

Natumia ruta ya laini ya simu yenye bando. Spika za Wi-Fi zitanimalizia data? (Dodoma)

Hesabu ni hii. Muziki wa kilobiti 160 kwa sekunde hula megabaiti 72 kwa saa. Wa kilobiti 320 hula 144. Saa nne kila siku kwa siku 30, kwa ubora wa kwanza, ni kama gigabaiti 8.6. Punguza ubora kwenye programu ya muziki, au hifadhi nyimbo kwenye simu. Spika za Sonos zilizounganishwa pamoja kucheza wimbo mmoja hazizidishi matumizi, kwa sababu moja huuvuta wimbo kutoka intaneti na kuwagawia wenzake. Ruta ndogo ya mfukoni ina adha nyingine: hujilaza kuokoa betri, spika zikakatika. Zima hali hiyo ya kulala.

Umeme ukikatika na kurudi, spika moja kati ya nne hupotea hadi niichomoe. (Kisauni, Mombasa)

Spika huwaka haraka kuliko ruta. Inaamka, inaomba anwani, hakuna wa kuipa. Ruta ikija kuwa tayari, anwani ya zamani ya spika huenda imepewa simu ya mtu. Ingia kwenye ruta, fungua orodha ya vifaa, itengee kila spika anwani yake ya kudumu katika sehemu ya DHCP. Kisha nunua UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba ya kuiwasha umeme ukikatika. Soma volti na ampea kwenye adapta ya ruta yako kabla ya kulipa: nyingi ni volti 12, na UPS lazima itoe volti hizo hizo na ampea zisizopungua zilizoandikwa. Kama kisanduku cha faiba na ruta ni vifaa viwili tofauti, chagua UPS yenye matundu mawili, maana kuiwasha ruta huku kisanduku kimezima hakukupi intaneti.