Kabla hujaenda kujitolea, uliza mwezi uko wapi

Neno langu la kwanza Kigoma lilinitia aibu. Kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, ukikutana na mtu mzima unasema "Jambo, muzee," naye anajibu "Jambo sana," mambo yamekwisha. Mzee wa kijiji kile cha wavuvi alinitazama kama niliyemtupia ganda la ndizi. Mama aliyetupokea akanivuta pembeni: "Mwanangu, huku mkubwa anaambiwa shikamoo. Jambo ni ya watalii." Nami nilikuwa nimejigamba kwa wenzangu kwamba lugha haitanisumbua, Kiswahili nimezaliwa nacho!

Ilikuwa 2018. Nilikuwa nasoma afya ya jamii, mwaka wa tatu. Tulikwenda wanafunzi wanne, miezi miwili, kuisaidia zahanati kuelimisha watu juu ya kipindupindu, ugonjwa ambao Ziwa Tanganyika linaujua pande zote, Uvira kwetu na Kigoma kwao. Tangu hapo wadogo zangu wa chuo huniuliza wabebe nini.

Karatasi nitazipita haraka. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, si chini kabisa ya begi. Viza ya matembezi si ruhusa ya kujitolea: Tanzania ina kibali cha ukaazi daraja C, ambacho ndicho cha wanafunzi, watafiti na watu wa kujitolea. Anayekualika aanze kukifuatilia kabla hujakata tiketi. Akikwambia "njoo tu, tutapanga huku," baki nyumbani.

Sasa lililo kubwa. Tulitangaza mkutano Jumanne, saa tatu asubuhi. Tulikuwa na mabango, spika na fulana za rangi moja. Wakaja watoto na mlevi mmoja. Kwa hasira niliandika kwenye daftari kwamba wanakijiji "hawana mwamko." Daftari hilo ninalo hadi leo, na sentensi hiyo sijaifuta.

Muuguzi wa zahanati alicheka mpaka akakaa chini. "Mwezi uko wapi?" akaniuliza. Sikuelewa. Akanieleza kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa kuwa hufuata mwanga, na taa hufanya kazi yake giza likiwa nene. Saa tatu asubuhi wanaume wamelala, na wanawake wako mchangani wanaanika, maana dagaa akikosa jua siku ileile anaharibika. Mbalamwezi ikitawala, uvuvi husimama siku kadhaa, nyavu zinashonwa, watu wako nyumbani. Tukangoja. Mkutano wa pili ulikuwa jioni, mwezi mpevu, na watu walijaa hadi tukaizima spika.

Humo ndimo nilimokatwa kauli. Nilikuwa nasisitiza maji yachemshwe, mama mmoja akasimama: "Kuni za kuchemsha maji ya watu tisa utaniletea wewe?" Nilikosa jibu. Muuguzi akataja njia ya chupa: chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, maji yasiyo na tope, inalazwa kwenye jua kali kwa muda wa saa sita, au siku mbili kama mawingu yametanda. Kesho yake yule mama alikuwa amezipanga chupa zake kichanjani, katikati ya dagaa, palepale anaposhinda akifukuza kunguru. Bango letu halikuwa limefika huko.

Nasi tuliacha kitu, kidogo. Maji ya chumvi na sukari kwa mwenye kuharisha walikuwa wakiyajua, ila kwa kukadiria. Tulirudia kipimo nyumba kwa nyumba: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, si vya mlima.

Kwa hiyo mdogo wangu, wiki ya kwanza usifundishe chochote. Anika dagaa. Teka maji. Jifunze kwamba sombe huko ni kisamvu na lengalenga ni mchicha. Uliza pia waliokutangulia waliacha nini. Sisi tulikuta choo kizuri nyuma ya shule, kazi ya vijana wa kujitolea, kimefungwa kufuli, na ufunguo hakuna aliyejua uliko.

Niliporudi Bukavu niliteremka ziwani. Sambaza, samaki wetu wadogo wa Ziwa Kivu, asili yao ni Tanganyika. Waliletwa Kivu mwaka 1959, ni ndugu wa wale dagaa niliokuwa nikianika. Nimekulia juu ya maji haya, nikisikia wavuvi wakiimba usiku juu ya mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja. Nikamuuliza mmoja, mzee ambaye mama yangu hununua samaki kwake tangu niko mtoto, usiku gani hawaendi.

"Mwezi ikiwa kubwa tunalala," akasema. "Haukujua?"