Maswali ya Wasomaji: Mahakama za Kijeshi za Vitani

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mzee mmoja mstaafu wa jeshi aliniambia kwamba vitani askari aweza kushtakiwa leo na kupigwa risasi kesho. Yeye aliona ni sawa, kwa kuwa adui hangoji mawakili. Je, kikao cha namna hiyo kinastahili kuitwa mahakama? — Msomaji, Kigoma

JIBU: Ndugu msomaji, mahakama za vitani ni vikao vya maofisa wachache wanaokusanyika karibu na mstari wa mbele ili kuamua kesi za utoro, uoga au uasi, zamani ngoma ya kikosi iliweza hata kutumika kama meza ya waamuzi. Hoja ya mzee wako si ya kupuuzwa, maana kikosi kinachokimbia huwaacha wenzao wauawe. Hata hivyo, haraka si kosa lenyewe. Tatizo huanza pale kamanda anayetaka askari waonywe kwa kuadhibiwa mwenzao anapokuwa pia ndiye mwenye sauti juu ya mashtaka, waamuzi na adhabu.

Ufaransa ilionja jambo hilo katika Vita Kuu ya Kwanza. Amri ya Septemba 6, 1914 iliruhusu mabaraza maalumu ya kivita yenye waamuzi 3, bila nafasi ya rufaa. Mwezi Machi 1915, huko Souain katika eneo la Champagne, kampuni moja ya kikosi cha 336 cha askari wa miguu ilikataa kutoka handakini baada ya mashambulizi yaliyotangulia kushindwa, huku maiti za wenzao zikiwa bado zimelala mbele ya seng'enge za Wajerumani. Jenerali Réveilhac alitaka mizinga ya Ufaransa iwapige askari wake mwenyewe, lakini ofisa wa mizinga alikataa kufanya hivyo pasipo amri ya maandishi. Basi zikafuata kesi: makoplo 6 na askari 18 walichaguliwa kutoka kundi zima wakafikishwa mbele ya baraza Machi 16. Askari wote waliachiwa, na makoplo 2 pia. Waliobaki 4 walipigwa risasi siku iliyofuata.

Mmoja wao, Théophile Maupas, alikuwa mwalimu wa shule. Mjane wake, Blanche, alizunguka ofisi na mahakama kwa miaka mingi, akakataliwa zaidi ya mara moja, hadi mwaka 1934 mahakama maalumu iliposafisha majina ya wote wanne. Mabaraza yale yalikuwa yamekwisha kufutwa na sheria ya Aprili 1916, vita vikiwa bado vimepamba moto, wala jeshi la Ufaransa halikusambaratika kwa sababu hiyo.

Suala hili halijapitwa na wakati, na kwenu Kigoma haliko mbali. Mwezi Machi 2024 serikali ya Kongo iliondoa usitishaji wa utekelezaji wa hukumu za kifo. Julai mwaka huohuo, huko Lubero, Kivu Kaskazini, askari 25 walihukumiwa kifo katika kesi ya siku moja, hasa kwa kosa la kumkimbia adui. Wake wa baadhi yao, walioshtakiwa pamoja nao, waliachiwa huru. Mmoja wa mawakili alitangaza kwamba wangekata rufaa, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye mpaka: hukumu ya siku moja inayoweza kupitiwa na jaji asiye chini ya kamanda yuleyule bado yaweza kurekebishwa, ilhali ya mwalimu Maupas haikuwa na pa kwenda.

Kuhusu adui asiyengoja, mshtakiwa amekwisha kunyang'anywa silaha na yumo kizuizini, kwa hiyo kumngojea hakupunguzi bunduki mstari wa mbele. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 unataka mateka wa kivita aliyehukumiwa kifo asiuawe kabla ya kupita angalau miezi 6 tangu taarifa ya hukumu iifikie dola inayosimamia maslahi yake. Ni vigumu kueleza kwa nini askari wetu wenyewe apewe usiku mmoja.